Skrubu Kwenye Mpira wa Pumzi

Imamu Ghazali hakuwahi kunusa petroli, lakini ndiye aliyetugombanisha mimi na Ami kiangazi kizima hapa Bidiya. Maneno yenyewe yamo katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza Baghdad mwaka 1095, kwenye suala la 17, pale anapozungumzia pamba na moto. Kwa lugha yangu ya gereji ni hivi: ukiiweka pamba kwenye moto utaona moto, kisha utaona pamba ikiungua, lakini hutaona hata siku moja kile kitu kinachotoka kwenye moto kwenda kuilazimisha pamba iungue. Anayeiunguza ni Mungu. Moto na kuungua vimewekwa pamoja kwa kupenda Kwake, na angependa vinginevyo pamba ingelala katikati ya ndimi za moto ikatoka nyeupe, kama alivyotoka Nabii Ibrahimu mzima.

Fundi anayeambiwa kuwa moto hauunguzi ana haki ya kuuliza analipwa kwa kazi gani. Mimi natengeneza pikipiki za matairi manne, kwadi, ambazo kambi za kitalii huzikodisha kwa wageni wapande matuta ya mchanga ya Sharqiya. Ufundi nilijifunzia Mwanakwerekwe, Unguja, dini nilisomeshwa chuoni Michenzani, na vyote viwili nilivileta Oman nikidhani havitakutana. Ami ndiye mwenye gereji. Ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, akarudi kwa wazee wake miaka ya sabini kama walivyorudi wengi, na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kiswahili cha Malindi. Yeye ni Mwibadhi, mimi Mshafii. Tukisimama kusali yeye mikono chini, mimi kifuani, na tukishatoa salamu tunaendelea na ubishi pale tulipouachia.

Kilichouanzisha ubishi huu ni kijana mmoja wa Kibangladeshi, mwongoza wageni katika kambi ambayo sitaitaja. Ilikuwa Juni, ambayo si msimu. Wageni wa Juni ni wale waliovutwa na bei. Saa nane mchana kijana aliwasimamisha juu ya tuta wapige picha, akazima kwadi yake, akafungua mfuniko wa tangi atazame mafuta yamebaki kiasi gani. Petroli iliruka ikampata kifuani na mikononi, nyingine ikateremkia kwenye ekzosi. Wenzake walimzima kwa mchanga na mablanketi, na yu hai. Mwenye kambi alipotuletea ile kwadi, ubavu mmoja umeyeyuka, alikuwa na maelezo mawili. La kwanza, joto la mwaka huu halijapata kuonekana. La pili, ajali ni kudra ya Mungu, kwa hiyo tusitafute mchawi.

Mchawi nilimkuta nilipoinua kiti. Ilikuwa skrubu fupi, imechomekwa kwenye ncha ya mpira wa pumzi na kukazwa kwa kibanio, kazi safi kabisa.

Kwa asiyejua: tangi la mafuta lazima livute hewa na litoe mvuke. Injini ikinywa petroli, nafasi inayoachwa lazima ijazwe na hewa, la sivyo tangi linajivuta ndani, mafuta yanagoma kushuka na injini inazimika katikati ya mlima. Jua likipiga, mambo yanageuka: petroli inavimba, mvuke unajaa juu yake, nao unataka pa kutokea. Kwenye kwadi za zamani kazi hiyo hufanywa na mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko na kuishia ndani ya bomba la usukani. Kwenye kwadi mpya mpira hupitia vali inayojifunga pikipiki ikipinduka, na nyingine zina kopo la mkaa la kunyonya mvuke, maana sheria za mazingira za Marekani hazitaki mvuke wa petroli uende bure hewani. Mchanga wa hapa ni mwembamba mno. Hupenya kwenye vali hizo na kuzigandisha, na mara nyingi tatizo huwa ni hilo, wala halina hatia ya mtu. Lakini mchanga haukazi kibanio.

Niliuliza ile skrubu ilitoka wapi. Wageni walikuwa wakilalamika kuwa kwadi zinanuka petroli, hasa asubuhi zikitoka kujazwa pomoni. Mtu akaagizwa aimalize harufu, na kweli akaimaliza.

Sasa nieleze kilichokuwa kikiendelea ndani, kwa sababu ubishi wote na Ami unasimama hapo. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya vimiminika, vyepesi na vizito. Vile vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 30 na kitu, vizito husubiri mpaka karibu nyuzi 200. Maabara hupima nguvu ya mvuke wa petroli kwenye nyuzi 37.8. Hapa Bidiya mwezi wa Juni, kivulini tu panapita 45, na mchanga wenyewe mchana unapita 60. Yaani tangi limeshakivuka kipimo cha maabara kabla hujagusa swichi. Halafu tazama lilipowekwa: ni plastiki, limekaa baina ya magoti ya dereva au chini ya kiti, injini iko chini yake na ekzosi pembeni. Kwadi kwenye mchanga huenda polepole huku injini ikijitutumua, na feni ya redieta huupuliza ule moto nyuma, uipitie miguu ya dereva na tangi kwa pamoja. Tangi la lita 15 lililojazwa alfajiri, likipanda nyuzi 40, petroli yake huvimba kwa zaidi ya nusu lita. Nusu lita hiyo haina pa kwenda kama umejaza mpaka shingoni.

Watu hudhani hatari ipo kwadi ikiwa mbioni. Hatari inakuja ukisimama. Injini ikizimwa upepo unakoma, lakini chuma kina moto uleule, na moto hupanda juu, na juu ndiko liliko tangi. Dakika chache baada ya kuzima, tangi lina joto kuliko wakati wowote wa safari. Ndizo dakika hizohizo wageni wanapiga picha na mwongozaji hana la kufanya, anakumbuka kutazama mafuta. Mpira ukiwa umezibwa, presha inapanda, na presha hiyo ndiyo inayoizuia petroli isichemke. Ukifungua mfuniko kwa ghafla presha inaondoka, na petroli iliyokuwa imetulia tuli inachemka yote kwa pamoja na kuruka, kama soda iliyotikiswa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautawanyiki juu. Unashuka, unatafuta chini, na chini ndiko kwenye ekzosi.

Nimewahi kuona kwadi zilizopandishwa Jabal Akhdar kwa lori, kwenye uwanda wa Saiq ulio kama mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya kule ni ya kivazi kizito, lakini mifuniko ilikuwa ikipiga mluzi tulipoilegeza. Joto halikuongezeka, kilichopungua ni uzito wa hewa ya nje. Namtajia Ami mfano huo kila akiniambia kuwa joto ndilo lililofanya.

Maana mwanzoni Ami ndiye aliyekuwa upande wa mwenye kambi, angalau katika maneno. Alisema, “Mwanangu, wewe umeona skrubu, sawa. Lakini usiseme skrubu imemchoma kijana. Skrubu ni chuma tu, haina uwezo.” Kisha akaenda kabatini akamtoa Ghazali.

Nami sikuja mikono mitupu. Chuoni kwetu tulikuwa na mwalimu aliyempenda Ibn Rushd, jambo lisilo la kawaida Unguja, na ndiye aliyetusimulia jibu la yule Mwandalusia. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimwandikia Ghazali kitabu kizima cha kumrudi. Anasema kwamba kila kitu kina tabia yake. Moto una tabia ya kuunguza, na ukivinyima vitu tabia zao umevinyima hata majina yao. Anayekana sababu, kwake, ameikana akili, kwa kuwa akili haina kazi nyingine ila kuzijua sababu. Nilimwambia Ami kuwa huyu ndiye imamu wa mafundi. Petroli ina tabia ya kuchemka, plastiki ina tabia ya kulainika, na mimi nalipwa kuzijua tabia hizo.

Ami alicheka. Akanionyesha kuwa pingamizi langu Ghazali mwenyewe alishalitaja kabla ya Ibn Rushd kuzaliwa. Anajiuliza: kama hakuna sababu inayolazimisha, si mtu aweza kuacha kitabu nyumbani na asijue kama atakikuta kitabu au kimegeuka kijana wa kiume? Anajibu kuwa hapana, kwa sababu Mungu ameumba ndani yetu elimu ya kwamba jambo hilo, ingawa analiweza, halifanyi. Mpango Wake umetulia, nasi tumepewa kuujua. Kwa hiyo fundi wa Ghazali na fundi wa Ibn Rushd watashika spana moja na kufungua nati ileile. “Tofauti yao,” Ami alisema, “haiko mkononi. Iko kwenye nani umshukuru kazi ikikaa sawa.”

Hapo alidhani amenifunga, na kwa muda alinifunga kweli. Lakini nililala na jambo lile, na nilipoamka niliona tofauti nyingine, ambayo sasa ndiyo rai yangu. Ibn Rushd ana sifa nyingi, lakini amemwachia mwenye kambi mlango wa uani. Kama petroli ina tabia yake, basi kuna mtu wa tatu pale juu ya tuta wa kutupiwa lawama. Mwenye kambi aweza kusema: nimefanya nini mimi? Petroli imechemka, ndiyo tabia yake. Juni imekuwa kali, ndiyo tabia yake. Ripoti nyingi za ajali huandikwa kwa namna hiyo. Chanzo: joto kali. Unatia saini, unafunga faili.

Ghazali mlango huo anaufunga kwa kufuli. Kwake petroli haifanyi kitu, joto halifanyi kitu, skrubu haifanyi kitu. Huwezi kumpandisha kizimbani shahidi asiye na uwezo. Juu ya tuta lile wanabaki wawili tu wenye kutenda: Muumba, na waja walioamrishwa na kukatazwa. Muumba hashitakiwi. Basi wamebaki nani? Mtu aliyeagiza harufu imalizwe, mtu aliyeikaza skrubu, na kijana aliyefungua mfuniko. Mwenye kambi alipolitaja neno kudra alidhani amejificha nyuma ya Ghazali, kumbe Ghazali amemwondolea kila kitu cha kujifichia, akamwacha peupe.

Nilimweleza Ami hivyo wakati anakunywa kahawa. Hakusema kitu mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaniambia kuwa hata wazee wa madhehebu yake wangekubali, na akanitajia Sheikh Nuruddin al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914. Sheikh huyo alisomesha Qabil, jirani kabisa na hapa, na alikuwa kipofu tangu utotoni. Katika suala la vitendo vya waja, Waibadhi na Waashari, watu wa itikadi ya Ghazali, hawana ugomvi: Mungu ndiye muumba wa kitendo, mja ndiye anayekichuma, na hesabu iko kwenye kuchuma. (Msomaji asishangae elimu hii huku kusemwa kwa lafudhi ya Unguja. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyeteuliwa Mufti wa Oman mwaka 1975, alizaliwa Unguja mwaka 1942.)

Wapo watakaosema kuwa mimi nimeongezea yangu, kwamba Ghazali aliandika kuwajibu wanafalsafa, hakuandika kwa ajili ya gereji. Wakasome Ihya yake, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakkuli. Huyohuyo Ghazali anazigawa sababu mafungu matatu: za yakini, za kudhaniwa, na za kuwaziwa tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, akangoja Mungu amtilie mdomoni, kwake huyo hana tawakkuli, ana wazimu. Kuziacha sababu za yakini si uchamungu. Sijaona mgawanyo mzuri kuliko huo kwa mtu wa kazi yangu, na nimekuwa nikiutumia kupanga dawa zote ambazo watu huniletea za tangi linalochemka.

Mpira wa pumzi kuwa wazi ni sababu ya yakini, haina mjadala. Vivyo hivyo kuacha nafasi juu ya mafuta. Karatasi ya alumini ya kukinga joto baina ya injini na tangi iko kwenye fungu la pili. Husaidia sana ikifungwa vizuri na kuachiwa uwazi wa hewa nyuma yake, lakini ikigandishwa kwenye plastiki yenyewe haisaidii lolote. Kuegesha kivulini, fungu la pili. Kitambaa kilichoroweshwa kikawekwa juu ya tangi, nacho fungu la pili: huku ndani kwenye hewa kavu maji hukauka haraka na kuondoka na joto, lakini pwani ya Maskati mwezi wa Agosti, hewa ikiwa na unyevu wa kukamua, utangoja mpaka uchoke. Kisha zinakuja za kuwaziwa. Kuna wanaoapa kuwa petroli ya M95 haichemki kama M91. Namba hizo zinahusu petroli kutojilipukia mapema ndani ya silenda. Kuchemka ni habari nyingine kabisa. Wamarekani wa zamani walibana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo kwenye bomba la mafuta la gari, ati vizuie petroli isigeuke mvuke, na wako waliopona kwa imani hiyo, kwa kuwa walipokuwa wakihangaika kuvibana injini ilikuwa inapoa.

Skrubu haimo hata kwenye fungu la tatu. Ni kuipinga sababu ya yakini kwa mkono.

Hadithi ya ngamia na kamba kila mtu anaijua, na hapa Bidiya penye ngamia wengi kuliko mafundi hunukuliwa kila kikao, basi niiache. Ninayoipenda zaidi ni ya Sayyidna Omar. Alipofika Sargh akielekea Sham alipata habari kuwa tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Omar akamjibu kuwa ndiyo, anatoka kwenye kudra kwenda kwenye kudra. Nionavyo mimi, kosa la mwenye kambi si kuamini kudra. Ni kuiamini nusu. Anaiona kudra kwenye ndimi za moto tu. Mpira ulio wazi nao ulikuwa kudra, na ilikuwa ikimfikia bure kila siku, na aliizibia njia kwa sababu ilikuwa inanuka.

Tukaja kwenye malipo, na hapo maneno yalipungua utamu. Mwenye kambi ana rafiki aliyesoma fiqhi kidogo, akamletea kanuni: akikutana mtendaji na msababishi, hukumu inamwangukia mtendaji. Ni kanuni ya kweli. Imo hata kwenye Majalla ya Waothmani, iliyotolewa baina ya 1869 na 1876, ambayo si sheria ya Oman lakini imekusanya mambo ambayo mafakihi wanayajua. Aliyefungua mfuniko ni kijana. Mtendaji ni yeye. Amejifanyia mwenyewe.

Ami ndiye aliyejibu, maana mimi hapo elimu yangu ilikuwa imefika ukingoni. Alisema Majalla hiyohiyo inaendelea: msababishi halipi ila akiwa amekusudia au amevuka mpaka. Mafakihi wana mfano wao mkongwe wa mtu aliyechimba kisima. Akichimba ndani ya kiwanja chake na mnyama wa mtu akatumbukia, halipi. Akichimba katikati ya njia ya watu bila ruhusa, analipa. Na akitokea mtu akamsukuma mnyama kisimani, huyo aliyesukuma ndiye wa kulipa. Sasa, Ami aliuliza, kijana alisukuma nini? Alitembea njiani. Kutazama mafuta ni kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mfuniko hauna alama inayosema pumzi imezibwa. Skrubu ilifichwa chini ya kiti, na walioijua hawakumwambia. Hicho ni kisima kilichochimbwa njiani na kufunikwa mkeka.

Na kama kudra ingekuwa inafuta deni, aliongeza, basi aya ya 92 ya Sura ya Nisaa isingekuwa na maana. Aya hiyo inamhusu aliyeua kwa bahati mbaya, bila kukusudia kabisa. Kuna jambo gani lililo kudra zaidi ya hilo? Na bado imemwajibisha diya kwa ahali wa marehemu na kafara juu yake. Sheria imekuja ikiijua kudra, wala haikuitumia kumfukuza mwenye haki mlangoni.

Wenzetu wa ng'ambo hawakuhitaji aya ili kufika karibu na hapo. Mwaka 2018 kampuni ya Polaris ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa tuhuma kwamba ilichelewa kuripoti kasoro za kuwaka moto kwenye gari zake za RZR na Ranger, ambazo ni ndugu wakubwa wa kwadi. Angalia tuhuma yenyewe ilivyo. Hoja haikuwa kwa nini petroli huwaka. Hoja ilikuwa: mlijua lini, na mlimwambia nani?

Sitaki nionekane najua kila kitu. Ami ana namna ya kunishusha, na mara nyingi huwa na haki. Aliniambia, “Na yule aliyeweka kila kitu sawa, mpira wazi, kinga ya joto, nafasi ya kutosha, kivulini, akangoja ipoe, akafunika kitambaa na kulegeza mfuniko kidogo kidogo mpaka mluzi ukaisha, na tangi bado likapasuka?” Inatokea. Plastiki huzeeka kwa jua, hupata ufa usioonekana. Nilimjibu kuwa huyo, mimi nitamwendea hospitali na kumwambia ni kudra, na nitakuwa nasema kweli kwa mdomo mzima. Neno hilo ni lake. Mwenye kambi amelichukua kabla ya zamu yake.

Mwishowe alilipa. Alilipa hospitali, akamlipa kijana mishahara ya miezi aliyolala, akamkatia tiketi ya kwenda kuwaona wazee wake na kurudi. Lakini alisisitiza kuwa ametoa sadaka, kwa huruma yake, wala hadaiwi. Ami anaona tumwachie hilo. Fedha zimefika, kijana ameridhika, na nia ni baina ya mtu na Mola wake. Katika hili mimi na Ami bado hatujapatana. Anayelipa deni hulazimika kujua linatoka wapi, asije akaliingia tena. Aliyetoa sadaka amemaliza. Hana sababu ya kuinua kiti cha kwadi nyingine na kuchungulia. Harufu ilikuwa ya kwadi zote za kambi ile, na aliyeagizwa kuimaliza alikuwa na mfuko mzima wa skrubu. Mpaka leo tumeletewa moja tu, ile iliyoungua.